Sufuria Yenye Masharti

Ukipanda Matombo, kule milimani, kutoka mjini unabeba mkate. Sijui sheria hiyo aliiweka nani, ila sijawahi kumwona mtu anayeivunja. Huko juu kuna ndizi za kila aina, magimbi, mafenesi, mananasi, mdalasini, na pilipili manga inayotambaa kwenye miti kana kwamba haina mwenyewe. Hata hivyo mgeni akifika bila mkate wa dukani, amekuja mikono mitupu. Kwa hiyo siku nilipokwenda kwa mara ya kwanza kujitambulisha nyumbani kwao mchumba wangu, nilibeba mikate. Niliichagua kwa uangalifu. Niliibonyeza mmoja mmoja mpaka mwenye duka akaniuliza kama natafuta mkate au godoro.

Mimi mwenyewe siwezi kula mkate.

Nina ugonjwa unaoitwa siliaki. Ndani ya ngano, na ndani ya shayiri pia, kuna kitu kinaitwa gluteni. Ndicho kinachofanya donge la unga livutike unapolikanda. Kwa watu wengi kinapita tumboni kwa amani. Mwili wangu unakiona kama mwizi, na katika kumpiga mwizi unabomoa nyumba: unajeruhi utumbo wangu mwenyewe, halafu hata chakula kizuri kinapita bila kunijenga. Hakuna kidonge cha kutibu. Tiba ni kutokula ngano maisha yote, na hapo chembe nayo inahesabika kuwa ngano.

Kabla sijalijua hilo nilikuwa nimekonda hivi kwamba mama alianza kunipunguzia suruali kimyakimya, bila kuniambia, nami nikawa nadhani nimeacha kukonda. Kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa wangu. Kuna waliosema minyoo, kuna waliosema amiba, kuna waliosema vidonda vya tumbo. Shangazi alisema ni mapenzi. Nilimeza dawa za vyote isipokuwa mapenzi. Mwishowe daktari mmoja wa Dar es Salaam alinipima damu, akanipitishia mpira wenye kamera kooni, akachukua kipande kidogo cha utumbo kwenda kukichunguza. Majibu yalipotoka aliniambia nisile ngano. Nikamwuliza mpaka lini. Akasema mpaka basi.

Naomba nikiri kwamba nilifurahi. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Natengeneza simu pale Mwembesongo, mjini, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kuharibu simu za ndugu zangu, na mezani kwangu skrubu hupangwa kwa ukubwa hata kama mteja amesimama anasubiri. Maisha yangu yote watu walikuwa wakiniambia niache kuhangaika. Sasa daktari alikuwa ameniagiza nihangaike.

Nikahangaika ipasavyo. Nilijifunza kwamba kitumbua ni cha mchele, lakini wako wanaotia ngano kidogo kishike. Nilijifunza kwamba muhogo wa kukaanga hauna kosa, ila mafuta yake asubuhi yalikaanga maandazi. Nilijifunza kwamba mashine ya kusaga ikitoka kusaga unga wa lishe wenye ngano, mahindi yangu yanayofuata yanapita kwenye vumbi hilohilo. Ndiyo maana nawahi asubuhi mashine ikiwa imesafishwa, na unga wa kwanza unaotoka nawapa kuku wa jirani. Wale kuku wananijua.

Chakula chenyewe hakikunishinda. Asubuhi nakula magimbi au viazi vitamu na chai. Mchana ni ugali, dagaa, na mboga za majani zinazoshushwa kutoka milimani zikiwa bado na umande. Jioni wali na maharage. Nilinenepa. Mama alizifumua zile suruali na kuzirudisha zilivyokuwa, safari hii akanionyesha. Jumamosi nikaanza kupanda mlima kwa miguu, mimi ambaye zamani nilipumzika katikati ya ngazi za sokoni. Niligundua kwamba nchi yangu ilikuwa imeshanipikia mlo wangu kabla sijazaliwa. Huku kwetu ngano ni chakula cha heshima tu: chapati za Krismasi, chapati za Idi, chapati za mgeni.

Tatizo likawa ni hiyo heshima.

Mchumba wangu ni fundi cherehani, kibanda chake kinatazamana na changu. Tumbo langu analijua kuliko ninavyolijua mimi. Kabla ya safari aliwapigia simu nyumbani akamwambia mama yake, kwa maneno yaliyo wazi kabisa, asipike chapati kwa sababu mgeni hali ngano. Mama yake alisikia vizuri. Akaona huyo ni kijana mwenye adabu, hataki watu wajisumbue kwa ajili yake. Akaongeza unga.

Tulifika mchana. Nilitoa shikamoo kwa kila aliyestahili na kwa wawili ambao, baadaye niliambiwa, ni wadogo kwangu. Sebuleni alikuwepo bibi yake mchumba wangu, na kando yake mwanawe, ambaye kwa mchumba wangu ni mjomba. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, hivyo neno la mwisho juu ya posa yangu lilikuwa kwa mjomba huyo. Nilikuwa nimelifahamu hilo mapema. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu chochote isipokuwa alichouliza.

Niliikabidhi mikate. Nilikuwa nimeifunga ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya mfuko mwingine, ili ule unga usinifikie. Bibi alifungua yote kwa subira. Akamega kipande, akaninyooshea.

“Toa uchawi, mume wangu.”

Mtu akileta kinywaji au chakula, yeye ndiye anayeonja kwanza, ili wenye nyumba waone hakuna kitu ndani. Ni desturi, na siku hizi inafanywa zaidi kwa mzaha. Bibi aliifanya kwa mzaha, maana bibi na mume wa mjukuu ni watani. Nilikitazama kile kipande.

“Bibi, mimi sili mkate.”

“Huli mkate.”

“Ndiyo, bibi.”

“Na umetuletea sisi.”

Alikirudisha kile kipande juu ya mkate pale kilipotoka, akakibonyeza kama anayetaka kishikamane tena. Hakuna aliyecheka. Mikate ikaondolewa mezani, na hata kuku wa pale hawakupewa.

Kisha zikaja chapati. Zilikuwa nzuri, lazima niseme. Zilikuwa na tabaka nyembamba za kuchambuka, zimerundikwa juu ya sinia chini ya kawa, na kuku wa kienyeji kando, mchuzi wake umeongezwa uzito kwa unga kidogo wa ngano. Mama yake mchumba wangu, mtu ambaye kwa heshima nilimsalimia nikitazama sakafu, aliziweka mbele yangu mwenyewe, akarudi jikoni. Nje jikoni niliona ndizi zimechemshwa za watoto, na magimbi ya watoto, na mbaazi za nazi za watoto. Chakula chote cha nyumba ile ningeweza kukila, isipokuwa nilichopikiwa.

Basi nikatoa sufuria yangu. Nilikuwa nimekuja nayo ndani ya begi, ndogo, ina mfuniko, imefungwa kwa kitambaa, na kijiko chake. Nikaifungua nikaanza kula wali wangu, nimejisogeza pembeni ya mkeka, upande ambao makombo hayawezi kuruka.

Mjomba aliniangalia kwa muda. Akauliza kwa upole ile ni nini. Nami, kwa vile napenda mtu akielezwa aelezwe kikamilifu, nikamweleza. Nilimwambia kuhusu ngano. Nilimwambia kuhusu mwiko wa kukorogea, kuhusu mafuta, na kuhusu mashine ya kusaga.

“Kwa hiyo sufuria hiyo haiguswi na mtu mwingine,” alisema.

“Ni bora isiguswe, mjomba.”

“Na ukila ngano, hata kidogo?”

“Naumia sana. Na nikiendelea, baadaye yanakuja mabaya zaidi.”

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekwisha kuisikia habari hii kwa mtu mwingine. Nilikuja kujua kwamba ni kweli aliwahi kuisikia. Kulikuwa na mwanamume kule Mlali aliyekuwa hagusi kuku, halali upande wa kushoto, na hakutaka kikombe chake kishikwe, na baada ya muda akanunua lori. Kila mtu alijua kwamba alikuwa amepewa masharti na mganga wa utajiri.

“Na hiyo kazi ya simu inakwendaje?” mjomba aliuliza.

“Inakwenda vizuri sana, mjomba.”

Hilo nalo lilikuwa jibu baya.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, tukaenda misa. Hostia, ule mkate mtakatifu wa komunyo, hutengenezwa kwa ngano. Parokiani kwangu nilishazungumza na padri, nikifika mbele napokea kwenye kikombe tu, na waumini kadhaa wanaamini mimi ni mpenzi wa divai. Lakini huku nilikuwa mgeni, na sikutaka kumsumbua padri nisiyemjua kwa habari za utumbo wangu. Watu wakasimama kwenda kukomunika. Benchi letu likaisha. Nikabaki mimi na kitoto kimelazwa juu ya kanga. Mjomba alipokuwa anarudi, mikono ameikunja kifuani, aliniona. Mwanamume anayekuja kuposa lakini hakomuniki, ama ana mke mwingine mahali fulani ama ana kitu kibaya zaidi. Tangu kufika kwangu nilikuwa nimeukataa mkate wa dukani, mkate wa kikaangoni na Mkate wa Uzima.

Tulirudi mjini. Baada ya siku chache mchumba wangu alivuka barabara kutoka kwenye kibanda chake, sindano bado iko kwenye kola, akakaa kwenye stuli ya wateja. Alisema mjomba ameagiza posa isubiri. Nilimwuliza isubiri nini.

“Wanataka kujua mganga wako ni wa wapi.”

“Ukawaambiaje?”

“Nikasema huna mganga, una daktari Dar es Salaam.”

“Ni kweli.”

“Ni kweli. Ila ilisikika vibaya.”

Usingizi ulinikimbia, na nikifikiri huwa nafikiri mpaka mwisho. Niliwaza kwamba ningeweza kupanda tena, nikala chapati moja mbele yao wote, nikatabasamu, nikaenda kuugulia nyumbani. Wiki moja ya mateso kwa ndoa ya maisha. Nilipanga hata siku ya kufunga kibanda. Nilimweleza mchumba wangu mpango huo nikidhani nimeonyesha mapenzi. Aliendelea kukata uzi kwa meno mpaka nikamaliza.

“Ukila moja utakula zote,” alisema. “Kila Krismasi watakuletea na kusema mbona ile ulikula. Mimi sitaki kuwa mjane wa chapati.”

Kisha akaniambia jambo ambalo nilipaswa kuliona, mimi ninayeona skrubu ikiwa nje ya mstari. Alisema nyumbani kwao hawakulikasirikia tumbo langu. Mtu kukataa chakula wanaweza kumsamehe, watu hushiba. Lakini nilikuwa nimekula peke yangu, katikati ya watu, chakula nisichomkaribisha yeyote, na nimewapa mgongo. Nikajitetea kwamba sikuwapa mgongo, nilikaa upande ambao makombo hayaruki.

“Basi mgongo ndio huo,” alisema.

Nilinunua sufuria kubwa. Namaanisha kubwa, ya aina ile ya shughuli, maana nikishaelewa jambo huwa nalielewa kupita kiasi. Bodaboda aliyenipandisha Matombo ilibidi ajizoeze kwanza na jinsi sufuria ilivyokamata upepo, na sehemu yenye mawe tulishuka tukaiongoza pikipiki kama ng’ombe mwenye mimba. Nilikuwa na mchele nilioupembua mwenyewe, mafuta mapya na mwiko mpya. Mkate sikubeba. Nilipopita mbele ya duka la mwisho bila kununua, nilihisi nimetoka bila viatu.

Nilimwomba bibi ruhusa ya kuwapikia. Jikoni kwa mama mkwe mtarajiwa sikuweza kuingia, ingekuwa aibu ya aina nyingine, kwa hiyo bibi aliagiza mafiga yapangwe uani. Akaleta kigoda chake akakaa karibu kabisa. Viungo nilimwomba yeye, vizima, kutoka shambani kwake, nikavitwanga mbele yake. Majirani walianza kuwa na shida ndogondogo nyumbani kwa bibi: huyu moto, huyu kamba, huyu amekuja kuuliza siku. Walitaka kumwona kijana mwenye masharti akipika.

Niliiosha sufuria. Nikaisuuza. Nikaiosha tena.

“Si mpya hiyo?” bibi aliuliza.

“Ni mpya, bibi.”

“Sasa unaiosha nini, dhambi?”

Alinisema muda wote nilipokuwa napika. Alisema mjukuu wake amepata mke. Alisema vitunguu vyangu nimevikata kama mtu anayepima shuka. Nilivikata hivyo kwa sababu vitunguu visivyolingana haviivi pamoja, lakini nikaendelea kukata.

Pilau ilipoiva niliipakua kwenye sinia nikaiweka katikati ya mkeka. Watu wakakaa. Mjomba akakaa. Kabla ya mtu yeyote kunawa, mimi nilikuwa nimeshanawa, nikachota tonge mbele ya macho yao, nikala. Nikachota lingine. Sikumbuki kama nilikusudia la tatu, ila nilikuwa sijala tangu asubuhi kwa woga.

“Inatosha,” bibi alisema. “Uchawi umetoka wote, sasa unatoa pilau.”

Wakacheka, na mikono ikaingia. Nilikula nao sinia moja, bega kwa bega, kitu ambacho sikuwahi kukifanya na watu wasio wa nyumbani kwetu tangu nilipougua. Hakukuwa na chembe ya ngano kwenye ua ule wote. Sikuwa na upande wa kukimbilia.

Mjomba alitafuna, akafikiri.

“Haina chumvi,” alisema.

Ilikuwa na chumvi ya kutosha, niliipima. Lakini nikaona mkono wake unakwenda kwenye mfuko wa shati. Bibi naye aliona.

“Wewe chumvi ulikatazwa na nani?”

Mkono ulisimama. Mjomba alisema kwa sauti ya chini kwamba ni watu wa hospitali, kwa sababu ya presha.

“Na huyu ngano alikatazwa na nani?”

Waliniangalia wote. “Hospitali, bibi,” nilisema.

“Kumbe ni masharti ya hospitali,” bibi alisema, na akamgeukia mwanawe. “Wewe umekatazwa chumvi, unatembea nayo kwenye karatasi kama tumbaku. Unadhani sijui? Huyu kakatazwa ngano. Kaikataa mbele yangu, kaikataa mbele yako, kaikataa mbele ya padri, na binti anamtaka hivyo. Kati yenu wawili, nani ataweza kushika ndoa?”

Sikuwahi kusikia siliaki ikitetewa namna hiyo. Nilitaka kuongeza maelezo kuhusu gluteni. Mchumba wangu, aliyekuwa amekaa na wanawake upande wa pili, alinitazama mara moja, nikaacha.

Mjomba aliutoa mkono mfukoni. Ulikuwa mtupu. Akaurudisha kwenye sinia, akala pilau ile kama ilivyo, tonge baada ya tonge, kwa uso wa mtu anayesikiliza hukumu yake ikisomwa. Aliponawa alisema watu wangu wanaweza kuja. Kisha akaongeza kwamba mikate waiache.

Jioni nilipokuwa nafunga mizigo niliikuta sufuria haipo. Bibi alikuwa ameichukua. Alisema mume wake hawezi kuwa anapanda mlima kila mara na sufuria kama kobe. Akaitundika kwenye msumari jikoni kwake, juu, akaifunika kwa kipande cha kanga nyekundu iliyochakaa, mwiko wangu ndani yake.

Sasa tumeoana. Tunapanda Matombo mara kwa mara, nami nabeba sukari na sabuni. Mama mkwe akipika chapati anazipikia nyuma ya nyumba, halafu ananawa mpaka kwenye viwiko, na bado ana huzuni kidogo akiniona nazikosa. Mjomba ananiuliza habari za tumbo langu kama watu wanavyouliza habari za mtoto, nami namwuliza habari za presha. Anasema inashuka. Mfuko wa shati lake siku hizi una kalamu.

Sufuria iko salama kuliko nilivyowahi kuota. Kijijini vitu vyote vinaazimwa, jembe, kinu, hata mlango uliwahi kuazimwa kwa ajili ya msiba. Sufuria ile haiazimwi. Majirani wanaiona juu pale na kitambaa chake chekundu, wanajua ina masharti, na hakuna anayetaka kujua zaidi. Wakimwuliza bibi, anawajibu kwamba yeye amepewa aitunze tu. Nilimwambia kwamba huko ni kuwapotosha watu. Akaniuliza kama nataka iguswe au isiguswe.

Safari hii ya juzi nilifika nikaenda moja kwa moja kuishusha. Bibi alinizuia kwa fimbo yake. Akataka kujua njiani nilishika nini. Nikasema sikushika kitu. Akauliza na ule mfuko wa bodaboda nilimotia mizigo je, ulikuwa umebeba nini kabla yangu. Sikujua. Jambo hilo halikuwa limenipitia akilini, na liliniuma kwamba halikunipitia.

Nikaenda kunawa. Alizitazama kucha zangu moja moja kwenye mwanga wa mlangoni, akasema nirudie.